Kinini Iliyobaki Ndani ya Unga

Ninyi vijana wangu wa Muhumba, munaojibu kabla mutu hajamaliza kuuliza, ketini. Sikusoma sana, lakini nimeona.

Nakumbuka siku moja, miaka ya mwisho ya Zaïre, Papa, baba yetu, alishuka kutoka Bunyakiri na mufuko wa maganda ya kenkina, muti ule wenye kutoa dawa ya kinini. Miti ile aliipanda mwaka mutoto wangu wa kwanza alipozaliwa. Munuzi alikuwa akingoja kule kilimani na watu wake: kinini ikiwa nyingi, miti yote ingechunwa na kung'olewa, ikiwa kidogo, ingeachwa ikomae.

Yaya Byamungu, kaka yangu mukubwa, alifanya kazi mu laboratwari moja ya Ibanda, nyumba ya kupimia dawa kule mujini. Alipika dawa za majimaji pamoja na kinini mpaka zikawa ngumu kama plastiki, akazisaga unga, akauosha ili kinini itoke. Mwanangu, ni kama haragi, punje ya maharage, uliyoisindilia mu udongo mubichi: ukiitoa, shimo linabakia, na haragi ya namna ile tu ndiyo inaketi humo. Unga aliujaza mu mrija wa kioo. Maji ya maganda yakipita, kinini inanaswa. Kisha unaitoa kwa alkoli na siki, na chini ya taa yake ya zambarau inawaka bluu.

"Mimina basi!" Papa akasema. "Watu iko nangoja na mapanga."

"Papa, acha kwanza nipitishe alkoli na siki, bila kitu."

"Siki ya nini? Miye nilileta maganda. Uko napika saladi?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Byamungu akapitisha, akawasha taa. Bluu! Papa akapiga makofi.

"Si unaona? Kinini iko mingi!"

"Papa, maganda yako ingali mu mufuko."

Byamungu akazima taa.

"Ile ni kinini yangu, ya kupikia unga. Haijatoka yote. Ningemimina maji ya maganda yenu, ningewadanganya, na mimi mwenyewe nisingejua."

Akarudia kuosha mpaka kesho yake, Papa amenuna kwenye ngazi, lakini mikate niliyomuletea anaila. Taa ilipoonyesha giza tupu, ndipo akamimina maji ya maganda. Bluu ikatoka hafifu, kama jicho la muzee. Papa aliitazama sana, akafunga mufuko wake.

"Basi. Warudishe mapanga."

Miti ikabaki imesimama.

Mwenye pupa hadiriki kula tamu, hilo munalijua. Lakini sisemi pupa tu. Kitu cha zamani kinabakia ndani yetu, na kinajibu mbele ya kile kipya. Aliyekukosea jana, leo unamusikia mu sauti ya mwengine asiye na kosa. Jiosheni kwanza, ndipo mupime mutu.

Mungu awape mioyo iliyooshwa, na miti yenu ikomae kabla ya panga.

Na nyumbani kwangu nimeamuru hivi: Jumapili muke mupya wa mujukuu wangu Bahati atapika sombe, majani ya muhogo, hapa mara ya kwanza. Nisisikie "ya maman ilikuwa hivi." Kila mutu anywe maji kwanza, ndipo aonje.