Kamusi ya Baba

Juzi, kituoni Bungu, niliuziwa korosho za moto kwenye karatasi ya daftari, na harufu yake ikanikumbusha kamusi ya Kiingereza ya baba. Aliisoma kwa sauti kila jioni, herufi baada ya herufi, apate kazi kwa wazungu waliokuwa wakinunua kambamiti, wale kamba wakubwa, kule delta ya mto.

Mimi, mtoto niliyeuza korosho kituoni, nilimwamini utingo wa basi la kutoka Dar. Kwake "freshi" ilikuwa salama. Kamusi ilisema kitu kibichi. Nikaona kamusi imepitwa na wakati, nikachana kurasa zake kuwafungia abiria korosho.

Baba alipokuta jalada tupu, nikamwambia kurasa zimeondoka na abiria. Hakunipiga.

"Basi limeelekea wapi, mwanangu?"

"Lindi, baba."

Akaitazama barabara.

"Nilikuwa nimefika herufi M," akasema, na ile kazi hakwenda tena kuiomba.