Pikapu Iliyonyamaza

Dizeli ikikumwagikia mkononi, hata ukijisugua kwa mchanga na sabuni ya kipande, harufu haitoki. Inakaa kwenye kucha, inaingia mpaka kwenye chapati. Mimi siichukii. Hadi leo lori likisimama kujaza mafuta pale Garsen nami niko karibu, huvuta pumzi moja ya makusudi, na kabla sijaitoa nimeshakuwa na miaka kumi, nimechuchumaa nyuma ya nyumba yetu kando ya pikapu isiyo na magurudumu, nampa baba spana namba kumi na nne.

Usinicheke. Wapo wanaokumbuka utoto kwa harufu ya maandazi. Kila mtu na jiko lake.

Baba alikuwa dereva wa lori la ng'ombe. Tajiri wake alikaa Madogo, na kutoka Madogo lori lilikwenda popote penye soko la nyama, kwa hiyo tulimwona mara moja kwa miezi miwili. Alikaa siku moja na nusu, na ile nusu aliimaliza kwa usingizi. Mdogo wangu aliwahi kumwamkia, "Shikamoo mgeni." Mama alicheka sana, akaingia ndani akicheka, na alipotoka macho yake yalikuwa mekundu.

Halafu yakaja yale mafuriko makubwa. Barabara ikakatika, lori likabaki ng'ambo, baba akafika nyumbani kwa mtumbwi akiwa na begi lake moja. Alikaa nasi miezi minne. Nikajua kwamba baba yangu hupiga mluzi akinyoa ndevu, kwamba hali mabamia, na kwamba akikosea hesabu zangu za shule hukasirikia kalamu. Maji yalipopungua nilikuwa nimeshamzoea, na hapo ndipo shida yangu ilipoanzia.

Naye hakutaka kurudi. Alimwambia tajiri kwamba ameokota pikapu, ataifufua, abebe maziwa ya akina mama wa Kiorma kutoka kwenye mbuga za juu ya Minjila, alale kwake kila siku. Tajiri hakugombana. Alisema kiti cha lori kitamngoja mpaka shule zifunguliwe mwezi wa tisa. "Ukiwa bado unasukuma hilo kopo," alimwambia, "nitakupitia mwenyewe."

Mama alisikia. Begi la baba la safari hakulifungua. Lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, limejaa, na mimi kila nikipita nililipiga ngumi.

Pikapu yenyewe ilikuwa ya zamani kuliko mama yangu. Pua yake ilikuwa ya duara, taa zimetokeza kama macho ya chura, na milango yake ukiifunga ilitoa mlio mzito wa sanduku la bibi harusi. Miaka mingi mzee mmoja aliitumia kubebea maziwa kwenye njia hiyohiyo, ikinguruma na kukohoa, mpaka maji ya mafuriko yalipoijaza na kuua injini. Kuku walikuwa wanataga ndani yake. Baba aliipenda kama mtu anavyompenda mgonjwa. Alisema sura ataiacha ileile, lakini tumboni ataitia mambo ya kisasa: injini ya dizeli na giaboksi ya gia tano, vilivyotolewa kwenye gari jipya la abiria lililopinduka. Mwili wa gari hilo ulikuwa umekunjika kama karatasi, injini haina hata mkwaruzo.

Maneno hayo ni mepesi mdomoni. Injini mpya haikutaka kukaa kwenye kitanda cha ile ya zamani. Ilikuwa fupi, miguu yake haikufikia chasisi, na giaboksi nayo ilikuwa ndefu ikabidi propela, ile fimbo ya chuma inayozungusha magurudumu ya nyuma, ikatwe kipande na kuunganishwa upya. Fundi Kazungu, Mgiriama mcheshi aliyekuja na mashine yake ya kuchomelea kwenye mkokoteni, alipima, akakata, akapima tena, akasema huku ni kumwozesha ngamia kwa mbuzi na mahari imeshaliwa. Siku ya kuingiza injini walisimamisha boriti tatu, wakazifunga pamoja kileleni, wakapitisha mnyororo, na wanaume wa mtaa wakavuta kwa mtindo wetu wa Kipokomo wa kuvuta mtumbwi mpya kutoka msituni mpaka mtoni: mmoja anaimba, wote wanavuta kwenye kiitikio. Kazungu hakuujua wimbo. Alikuwa anavuta wenzake wanapopumua, injini ikawa inacheza juu ya vichwa vyetu, na baba akaomba kwa adabu fundi akakae kivulini.

Mimi sikutulia muhula ule wote. Darasani mwili ulikuwa kwenye dawati, masikio nyumbani, nikingoja kusikia stata ikiamsha injini. Nilitumwa chumvi nikarudi na bolti niliyoiona njiani. Nilihesabu siku kwa mkaa ukutani mpaka mama akanipa kitambaa nifute. Kilichoniumiza ni baba. Injini iliwaka mwezi wa saba, na badala ya kuanza kubeba maziwa aliendelea kuipapasa. Alitaka iwe kimya. Sailensa, lile kopo la bomba la moshi linalomeza kelele, aliitengeneza mara tatu, akitia vyumba ndani kwa bati na sufi ya chuma, na kila mara alifumba macho, akasikiliza, akaifungua tena.

"Mama Hawo," alimwita mama kwa jina langu siku ya kumi na tano ya mwezi wa nane, "njoo usikie."

Mama alitoka na unga mikononi. "Nisikie nini?"

"Basi, hicho hicho usichokisikia."

Kweli ilikuwa inawaka. Maji kwenye sufuria aliyoiweka juu ya boneti yalitulia kama ya mtungini. Sijawahi kumwona baba akiwa na uso ule tena. Alisema Mombasa kuna watu wana magari ya kimya kama hilo, na hawakuyatengeneza kwa mikono yao.

Kesho yake tukaenda, mimi katikati yake na mitungi. Pikapu iliteleza kwenye ile barabara kana kwamba imevua viatu. Tulisimama pale ambapo akina mama wa maziwa walisimama miaka yote. Hakuna mtu. Tukasogea kituo cha pili: mbuzi wawili na vumbi. Baba alipiga honi, tukangoja, tukarudi Garsen mitungi ikigongana. Siku ya pili vivyo hivyo. Wiki nzima ikaisha hivyo. Baba alisema labda wamehama na ng'ombe, lakini kinyesi cha ng'ombe barabarani kilikuwa kibichi. Akaacha kupiga mluzi. Nilianza kumsikia akiuliza watu wa mabasi kama barabara ya Madogo ni nzuri siku hizi.

Siku ya nane, tukirudi, tulimkuta Mama Dahabo, mmoja wa wale akina mama wa maziwa, anatembea na vibuyu viwili mgongoni. Alikuwa mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, ambaye hata yule mzee wa pikapu alikuwa akimwogopa. Baba alimsimamisha na kumwamkia vizuri. Hakuitikia.

"Wewe unapita kama shifta, mwizi wa ng'ombe," alisema. "Siku ya nane leo. Maziwa yangu naganda, napa mbwa."

Baba alishangaa, akasema amesimama kila kituo, akapiga na honi.

"Honi ni ya ng'ombe. Mabasi ikipiga honi sisi nakimbia kutoa ng'ombe barabarani, hapana leta maziwa." Aliupiga kofi mlango wa pikapu. "Sisi nakaa kule ndani, kwa kivuli. Maziwa hapana taka jua. Ile gari ya mzee nalia toka mbali, sisi nafunga kibuyu, nabeba mtoto, natembea polepole, nakuta yeye hapa. Hii yako naona vumbi tu, wewe shaenda. Mwanaume mzima, gari haina sauti."

Alikubali kupandishwa mpaka Minjila, lakini maneno yake yalibaki garini baada ya yeye kushuka. Kazungu alipoambiwa alicheka mpaka akakaa chini, akasema dawa ni dakika tano, toa sailensa tu. Baba hakucheka. Alisema hakufanya kazi miezi mitano ili aendeshe bati linalopiga kelele, wanawake watazoea. Watazoea lini? Shule zilikuwa zimebakiza siku tisa kufunguliwa.

Jumapili ile baba alirudi kutoka kanisani, akala, akajilaza kwenye mkeka. Mama alikuwa kwa jirani. Nikachukua spana namba kumi na nne, nikaingia chini ya pikapu kwa mgongo. Bolti zilikuwa nne. Tatu zilitoka kwa heshima. Ya nne niliisukuma kwa mguu, nikiwa nalia bila sauti kwa sababu nilijua ninachofanya ni kibaya, na sikuweza kuacha. Sailensa iliniangukia kifuani. Nilikaa nayo hapo, nzito, vumbi machoni, nikiisikia pumzi ya baba kupitia ukuta wa udongo.

Asubuhi alipowasha, kuku wa mtaa mzima waliruka. Alizima. Akainama, akatazama chini, kisha akanitazama mimi na gauni langu lenye grisi.

"Nani amekufundisha kufungua hii?"

"Nilikuona wewe, baba."

Aliweka mkono kwenye boneti. Nilingoja kofi, na ningelipokea.

"Panda," alisema.

Tulipokata kona ya kwanza baada ya Minjila walikuwa wameshaanza kutokea migungani, mmoja mmoja, vibuyu mgongoni, bila haraka. Tajiri wa Madogo alipopita mwezi wa tisa alitusikia kabla ya kutuona, akapunga mkono, akaendelea na safari yake. Mama alifua nguo zote za ndani ya begi siku hiyohiyo.

Baba alilala nyumbani kila siku mpaka nilipomaliza darasa la nane na kuanza kushika spana kwa mshahara. Bolti ni nne tu. Angeweza kuzirudisha Jumapili yoyote akitaka. Mimi niliona tumeshinda, nikasahau.

Mwaka juzi mteja wangu alitupa lifti kwenda Malindi kwa gari jipya kabisa, lisilo na mngurumo. Baba alikaa mbele. Tulipotoka Garsen aliweka kiganja juu ya dashibodi, akafumba macho, akasikiliza hivyo mpaka Gongoni. Nilikuwa nyuma yake, naona shingo yake tu, na nikaelewa kwamba siku ile ya bolti nilipata baba, na yeye ndiye aliyelipia, kwa kitu kimoja kizuri alichowahi kujitengenezea mwenyewe.

Nikirudishwa kwenye Jumapili ile, bado ningezifungua zile bolti. Ila ningemwamsha kwanza.