Saa ya Babu Inayokwenda Wiki Nzima

Swali lililoninyima usingizi wakati ule lilikuwa dogo kama saa yenyewe: saa ya mkono ya Babu inawezaje kwenda wiki nzima?

Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, naishi kwa Babu na Bibi huku Temeke, na mtu asiye na kazi huwa na nafasi kubwa ya kuhangaikia mambo ambayo wenzake wameshayapita. Mwingine angeitazama ile saa, akasema ni nzuri, akaendelea na chai yake. Mimi nilisoma mtandaoni hadi macho yakauma. Saa za zamani za aina ile hazina betri. Unazungusha kidude cha pembeni, springi inajikunja ndani, halafu inajikunjua polepole huku ikisukuma mishale. Ikimaliza kujikunjua, saa inasimama. Kote nilikosoma walikubaliana: ijaze leo, keshokutwa imelala.

Ya Babu hailali. Kila Ijumaa, akishaoga na kuvaa kanzu, hukaa barazani na wenzake kabla ya kwenda msikitini, akaivua, akaitia ufunguo taratibu kama anayemnyoa mtoto mchanga. Kisha hutangaza, "Haya. Mpaka Ijumaa ijayo." Na kweli, mpaka Ijumaa ijayo.

Nilifikiria kila kitu. Labda springi yake ni ndefu. Labda mtandao umedanganya. Labda anaijaza chooni. Nilimkodolea macho mkono wake mpaka akaniuliza, "Mke wangu, mbona unanitazama hivyo? Nimependeza, au unanihesabia siku?"

Jibu nililipata alfajiri moja, nikiwa na mswaki mdomoni. Babu alikuwa anakwenda bombani kutia udhu. Alivua saa akampa Bibi, kama afanyavyo kila siku. "Nishikie." Bibi aliipokea, mkono ukaingia ndani ya khanga. Halafu nikasikia: krr, krr, krr. Khanga ilikuwa inachezacheza.

"Bibi! Unaitia ufunguo!"

"Naikuna. Inawashwa. Piga mswaki wako."

Babu alipoondoka kwenda msikitini, Bibi alinieleza. Walipokuwa wachanga kwenye ndoa, Babu alijisifu mbele ya shemeji zake kwamba saa yake inakwenda Ijumaa hadi Ijumaa. Baada ya siku mbili Bibi aliikuta imesimama. Akaona mumewe ataaibika, akaijaza, akairekebisha kwa kufuata redio.

"Nikadhani nitafanya mara moja tu," alisema. "Sasa utaachia wapi?"

"Na Babu hajui?"

"Babu yako ajue kitu halafu anyamaze? Ana hiyo saa tu ya kujisifia. Mwache nayo."

Ningemwacha nayo, lakini Ijumaa iliyofuata mzee wa duka la ng'ambo ya barabara alichoka. Ni Mwarabu wa hapahapa mtaani, na hukaa baraza moja na Babu kila siku. Babu alipotangaza tu "mpaka Ijumaa ijayo", yule mzee akanyoosha kiganja.

"Bwana, kila wiki wimbo huohuo. Ilete. Itakaa dukani kwangu ndani ya kabati la kioo, kila mtu aione. Tutajua kama inakwenda saa au unakwenda mdomo."

Wazee wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Babu hakucheka. Alimpa saa palepale.

"Chukua. Ikisimama, mimi baraza hili sikai tena."

Nyuma ya pazia la mlango, Bibi aliuma pindo la khanga.

"Nenda ukaijaze, Bibi," nikamwambia.

"Mie? Dukani pale sijakanyaga tangu lini, natumaga watu. Nikienda leo mtaa mzima utajua kuna jambo." Akanigeukia. "Babu anakuita mke wake. Mie nakuita mke mwenzangu. Basi wiki hii zamu yako."

Sikusema ndiyo. Nilikwenda kulala na hoja zangu. Huu ni udanganyifu. Nikikamatwa, Babu ataaibika mara mbili. Tena yeye mwenyewe hakuomba msaada. Kwa upande wa pili, asipokaa barazani atakaa ndani na Bibi kutwa nzima, na Bibi alishaniambia hilo haliwezi.

Jumamosi asubuhi, kwenye chai, Babu aligeuza kiwiko kutazama saa. Mkono ulikuwa mtupu. Akautazama kidogo, akaushusha chini ya meza. Nikaacha andazi langu nusu nikavuka barabara hadi dukani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Saa ilikuwa kabatini kati ya vitana na mikasi ya kucha, bado inakwenda, ingawa kwangu mimi ilionekana imechoka. Nikamwomba niipige picha. Akanipa. Kisha nikamwomba chupa ya marashi, ile iliyoko rafu ya juu kabisa, ambayo nilikuwa nimeichagua tangu nikiwa kitandani. Akavuta kigoda, akapanda, akanipa mgongo.

Nikazungusha. Bombani ule mlio ulikuwa mdogo. Dukani ulikuwa mashine ya kusaga. Nikaanza kukohoa. Kila nikizungusha nakohoa, mpaka kidude kikagoma kwenda mbele.

Mzee alishuka polepole kuliko ilivyohitajika, akafuta vumbi la chupa, akaichukua saa, akaiweka sikioni.

"Kikohozi kibaya hicho," akasema. "Naona na kesho kitakurudia."

"Naona hivyo, babu."

"Basi uje mapema, wenzangu hawajakaa. Na uombe kitu cha chini. Magoti yangu haya hayawezi kupanda kila siku kwa ajili ya babu yako."

Jumapili nilikwenda mapema, nikaomba chumvi.