Sauti ya Kusukumia Mtumbwi

Mume wangu hakupigwa risasi. Nasema hilo mapema, kwa sababu kila nikianza kusimulia habari za kichwa chake kuna mtu ananikatiza: "Ilikuwa wakati wa vita, basi walimpiga risasi?" Hapana, jamani, ngojeni nimalize! Aliumizwa na mti wa mtumbwi, hapa hapa ufukweni Rumonge, asubuhi watu wote tulipokimbilia ziwani.

Lakini kwanza nieleze mtumbwi unavyosukumwa, maana asiyejua hilo hatanielewa. Mitumbwi yetu ya kuvulia ndagala, wale samaki wadogo, ni mizito. Inafungwa pamoja kwa miti mirefu inayotokeza pembeni, na huwezi kuitoa mchangani kwa watu kusukuma ovyo, kila mtu na haraka yake. Lazima mmoja aanzishe na wengine waitikie. "Mutumbwi wa naniii?" "Wetu!" "Nani atausukuma?" "Sisi!" "Tuupeleke wapi?" "Majini!" Ni kwenye neno hilo la mwisho ndipo mabega yote yanasukuma kwa pamoja. Mume wangu ndiye alikuwa mwanzishaji wetu. Watu wa Minago, mbali huko, walikuwa wakisema sauti yake inawafikia hata wao, na yeye alikuwa akijisifu kwa hilo mpaka ananichosha.

Asubuhi ile risasi zililia milimani, karibu kuliko siku nyingine. Tukatoka mbio, mimi na mtoto mgongoni, wakubwa wake wawili wameshika kanga yangu, tukaenda kujificha majini kama tulivyokuwa tumezoea. Kwenye mtumbwi kila mtu alikuwa ananong'ona: "Nyamazeni! Musipige sauti, watatusikia." Kwa mara ya kwanza maishani nikaona mtumbwi ukisukumwa bila mtu kuanzisha. Huyu anasukuma sasa, yule anasukuma baadaye, upande mmoja ukaenda na mwingine ukabaki. Mtumbwi ukageuka, mti ukazunguka, ukampiga mume wangu juu ya sikio la kushoto. Nilisikia kishindo kama cha boga linaloanguka. Sikujua kwamba boga lenyewe ni kichwa cha baba wa watoto wangu.

Hospitali walimshona. Daktari alisema ubongo umevimba, na kwamba mashine za kuangalia ndani ya kichwa ziko Bujumbura, lakini barabara ya Bujumbura siku zile ilikuwa ya kubahatisha roho. Tungojee tu, alisema. Tukangoja. Mama yangu alikuja kushika watoto, mimi nikalala chini ya kitanda cha mgonjwa, na siku aliyofumbua macho nilipiga kigelegele mpaka muuguzi akanitoa nje.

Nilipiga mapema. Mkono wa kulia ulikuwa umelegea, mguu unaburuta, na maneno yote yalikuwa yametoka kichwani, isipokuwa moja. Neno lenyewe ni "bado".

"Umekula?"

"Bado."

"Kichwa kinauma?"

"Bado."

"Mimi ni nani?" nikamuuliza, nikamshika kidevu anitazame vizuri. "Bado," akasema, na machozi yakamtoka, kwa maana alijua kuwa silo neno alilokuwa analitafuta. Hilo ndilo liliniumiza zaidi. Angekuwa hajui chochote ningelia mara moja, yakaisha. Lakini yeye alikuwepo, nyuma ya lile bado lake.

Tulimrudisha nyumbani. Wakati huo ziwa lilikuwa limefungwa na askari kwa ajili ya vita, hakuna ruhusa kwa mtumbwi wowote kuingia majini, na mitumbwi ilikaa mchangani inapasuka kwa jua. Siku hizo ndipo alipofika shemeji yangu, ndugu mkubwa wa mume wangu, anayekaa Kigoma. Alikuja kwa lori, akapitia mpaka wa Kabonga, vumbi mpaka kwenye nyusi. Aliketi na mdogo wake tangu asubuhi mpaka ugali ulipoiva, akimsemesha taratibu, akijibiwa bado, bado. Kisha akaniita uani.

"Shemeji, sikia," akasema. "Kule kwetu iko amani. Iko hospitali. Na wewe unajua desturi yetu, mugonjwa wa namna hii anarudi kwa ndugu zake. Wewe na watoto mutabaki na mama yako. Barabara hataiweza, itamuua. Wakifungua ziwa tu, nitakuja na mutumbwi kumuchukua."

"Umemuuliza yeye?"

"Nimuulize nini, shemeji? Ukimuuliza kama yeye ni mbuzi atakujibu bado."

Sikumtukana. Nilitaka, Mungu anajua, ulimi ulikuwa tayari. Lakini yule mtu alikuwa analia akisema hayo, na yeye ndiye mkubwa. Nikamjibu kwamba nimesikia, akarudi kwake. Tangu hapo, majirani walipokuwa wakiomba ziwa lifunguliwe watoto wapate kula, mimi nilikuwa naomba pamoja nao kwa mdomo, na moyoni naomba lisifunguliwe. Nani anasali namna hiyo, na watoto wake wenyewe wanakula mihogo mikavu?

Nyumba yetu ilikuwa kimya. Kwetu mgonjwa wa kichwa hapigiwi kelele, na kila aliyekuja kumwona alinong'ona tangu mlangoni: "Amahoro, amahoro," yaani amani, akaketi, akatikisa kichwa, akaondoka. Redio nilimpa jirani. Watoto niliwakataza kucheka. Hata kuku niliwafukuza kwa mkono tu bila kusema "shii", mimi ambaye mume wangu aliniita Pilipili tangu mwezi wa kwanza wa ndoa kwa ajili ya mdomo wangu. Yeye alikaa anatazama ukuta. Niliona anazama kila siku kidogo, na hakuna aliyejua tumfanye nini.

Kisha ziwa likafunguliwa.

Habari ilifika asubuhi na mji wote ukashuka ufukweni, wanaume, wanawake, hata mama yangu na miguu yake iliyovimba. Sikuweza kumwacha mume wangu peke yake, nikamkokota, nikamketisha juu ya rundo la nyavu, nikasimama mbele yake kumkinga jua. Moyo wangu ulikuwa mzito. Kila mtumbwi niliouona nilijua ni njia ya Kigoma.

Wavuvi walipanga mabega kwenye mtumbwi wa kwanza. Aliyeanzisha alikuwa kijana mwenye sauti ya mwana-mbuzi, watu wakacheka, akaanza tena. "Mutumbwi wa naniii?" "Wetu!" "Nani atausukuma?"

"Sisi!"

Hiyo sauti haikutoka mbele. Ilitoka nyuma yangu, juu ya nyavu.

Niliogopa kugeuka. Nilijiambia ni mtu mwingine, wewe mwanamke una njaa, unasikia mambo. Kijana naye alikuwa amenyamaza, na wote waliokuwa kwenye mtumbwi walikuwa wanatazama nyuma yangu, midomo wazi. Nikageuka. Mume wangu alikuwa amesimama. Alikuwa ameegemea upande wa kushoto, mkono wa kulia unaning'inia, na shingo imetoka mishipa. Akafungua mdomo, akaanzisha mwenyewe, toka mwanzo, ile sauti ya kufika Minago: "Mutumbwi wa naniiii?"

Hakuna aliyeitikia. Walikuwa wameduwaa. Akauliza tena, kwa hasira kidogo, kama alivyokuwa akiwakasirikia wavivu, na hapo ufukwe mzima uliitika: "Wetu!" Na watoto, na wauza samaki, na askari mmoja aliyekuwa amesimama pale na bunduki yake. "Nani atausukuma?" "Sisi!" "Tuupeleke wapi?" Neno lenyewe sikulisikia kwa kilio changu. Nilichoona ni mtumbwi umeruka mchangani kama ngalawa ya karatasi, na maji yakanirukia mpaka kifuani.

Nimeona mengi. Nimezaa, nimezika, nimekimbia risasi na sufuria ya maharage kichwani. Lakini kitu kama kile sijakiona tena. Maneno ambayo mimi nilidhani yamekufa yalikuwa hai yote, mazima, yamekaa ndani ya kichwa kile kile kilichopasuka, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua mlango wa kuyatolea. Nilimrukia shingoni. "Umesema! Sema tena! Niite! Niite basi!"

Akanitazama na furaha yote usoni. "Bado," akasema.

Nilicheka nikalia, vyote kwa pamoja, watu wakadhani sasa tumekuwa wagonjwa wawili.

Muuguzi niliyemsimulia hakushangaa kama mimi. Alisema inatokea: maneno ya kuimba na ya kuitikia yana chumba chao kichwani, pengine chumba cha kuongea kinabomoka na kile kinabaki. Alinipa moyo nimzungumzishe kwa kuimba. Mimi sikuhitaji kuambiwa mara ya pili. Nilikwenda kwa jirani nikachukua redio yangu, nikawaambia watoto wacheke watakavyo, na tangu siku hiyo nyumbani kwangu hapakusemwa jambo bila kuanzishwa.

"Ugali wa naniii?" naimba na mwiko mkononi.

"Wetu!" wanaitikia watoto, na yeye pamoja nao.

"Nani ataula?"

"Sisi!"

"Tuuweke wapi?" Hapo nilikuwa nanyamaza, nawakonyeza watoto nao wanyamaze, tunamngoja. Siku za kwanza alisema "majini". Ugali majini! Tulicheka mpaka mbavu zikauma, naye akacheka. Kisha siku moja akasita, akatazama sahani, akapiga goti lake kwa mkono wa kushoto kama anayetwanga, akasema "me-za-ni". Mtoto wa kwanza alikimbia nje kutangaza kwa majirani: "Papa amesema meza!" Ndivyo tulivyoishi. Maji ya nani, shati la nani, tuupeleke mguu wapi. Jirani yangu alikuwa akiuliza juu ya ua: "Leo munasukuma mutumbwi gani humo ndani?" Namjibu: "Njoo uweke bega!" Na kweli alikuja, na wengine wakaja, hawanong'oni tena, wanaanzisha tangu mlangoni. Kulikuwa na majuma ya kurudi nyuma, kulikuwa na asubuhi alizopiga bakuli ukutani kwa hasira, sitawadanganya. Jina langu hakulisema, wala Pilipili. Na neno lolote la kwake mwenyewe, lisilo jibu la wimbo wangu, halikutoka. Nilijua shemeji atalidai hilo.

Shemeji alifika kweli, na mtumbwi wa mashine, ametandika mkeka mpya katikati na mto wa kulalia mgonjwa. Alifurahi kumwona mdogo wake anatembea. Akamsikia akiitikia, akapangusa macho. Lakini akasema vile vile nilivyoogopa.

"Shemeji, murakoze, asante, umefanya kazi. Lakini huku ni kuitikia tu. Hata kasuku anaitikia. Nguo zake ziko wapi?"

Tulikuwa tumesimama ufukweni, mbele ya mtumbwi wake. Hapo ulimi wangu ukakatika kamba. Nilimwambia kasuku ni yeye na mkeka wake, nikamwambia mengine ambayo sitayarudia, watu wakaanza kukusanyika. "Muulize mwenyewe!" nikapiga kelele. "Usiniulize mimi, usiulize desturi, muulize yeye!"

Shemeji akamgeukia, akamshika mabega. "Mudogo wangu, twende?"

Nilijua litakalotoka. Nilifumba macho nisilisikie lile bado. Nilisikia kiganja kikipiga paja, taratibu, pigo kwa pigo.

"Yaya," akasema mume wangu. Yaya ndilo neno la heshima la kumwita ndugu mkubwa kwetu, na tangu mti umpige hakuwa amemwita mtu. Nikafumbua macho. Alikuwa ameloa jasho. "Yaya. Mi. Si-en-di."

"Kwa nini?" shemeji akauliza, na sauti yake yenyewe ilikuwa ndogo.

Mume wangu akanitazama mimi. Akatafuta, kiganja kikipiga, midomo ikijaribu na kuacha, mpaka akaipata ile njia yake ya zamani, sauti ikapanda: "Nikienda... huyu... Pilipili... atagombeza naniii?"

"Sisi!" watoto wakaitikia, wote watatu, kwa mazoea tu.

Ufukwe ulivunjika kwa kicheko. Shemeji alikaa chini mchangani na shati lake zuri, akacheka na kulia, akipiga mchanga kwa ngumi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama nimejishika kichwa, nasikia jina langu la kuudhi, lile nililowahi kumnunia kwa ajili yake, na sikuwa na nguvu ya kujibu, mimi, mwenye mdomo huu.

Jioni kabla jua halijazama tulimsukuma shemeji arudi kwake, na magunia ya mihogo na dumu la mawese la kuwapelekea watu wa nyumbani. Alikaa peke yake juu ya ule mkeka wa mgonjwa. Aliyepaswa kulala pale alikuwa nyuma yangu, ameshika mtumbwi kwa mkono wake wa kushoto, anatuuliza tuupeleke wapi. Nikaitikia kwa nguvu zangu zote.