Ekari ya Mama

Mama hakuwahi kuniuliza maana ya neno la Kiingereza ila moja. Wapimaji wa ardhi walikuwa wamefika Garsen, na habari ikatufikia kijijini kwamba kila mkulima atatakiwa kusema ana ekari ngapi. Mama aliujua kila mgomba alioupanda, lakini ekari hakuijua. Kwetu Wapokomo shamba lilianza majini, likaishia pale nguvu za mikono zilipokoma. Mto ukila ukingo, wewe ulisogea nyuma, na jirani alikupisha.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, kwa hiyo kamusi ninayo. Nilimsomea jikoni huku akipeta mchele. Neno lenyewe, acre, lililotuletea ekari, ni kongwe. Hapo zamani lilimaanisha ardhi wazi tu, isiyo na kipimo. Baadaye likawa shamba, kisha kipande ambacho jozi ya maksai wangeweza kulima kutwa, mwishowe wafalme wakaleta kamba na sheria. Wapo wataalamu wanaosema kwamba mzizi wake, kabla hata ya Kiingereza chenyewe, ni kuswaga mifugo.

Mama aliuweka ungo chini. "Basi hata wao walianza na njia ya ng'ombe," akasema.

Nilijua anawaza nini. Shamba letu lilikatwa katikati na malka, njia ambayo Waorma hushushia ng'ombe mtoni wakati wa kiangazi. Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa akimhimiza aiingize ndani ya mpaka wake, kama wengi walivyokwisha kufanya. Wafugaji watajijua, alisema, na asiyejipatia sasa asije kulia kesho. Maneno yale yalinichukiza, na yalinichukiza zaidi kwa kuwa niliona mama anayafikiria. Alikuwa mjane na shamba lenyewe dogo. Alikuwa na haki ya kuogopa.

Siku ya kupima, mama aliwatangulia wapimaji. Alipofika kwenye malka akasimama, akawaambia waishie hapo, waanze tena ng'ambo ya pili. Kijana mwenye kifaa alimweleza kwa upole kwamba anajipunja.

"Hapa si pangu," mama akamjibu. "Mimi nimezaliwa nikawakuta ng'ombe wanapita."

Mjomba alimnunia hadi mavuno.

Kisha yakaja mafuriko, na mto haukuuliza mtu hati. Ulikula migomba, ukala miembe, ukala karibu shamba lote pande zote mbili za malka. Tulipogeuka nyuma, mahali pa kusogea, majirani walikuwa wamezungusha seng'enge. Sikuwalaumu kwa mdomo, lakini moyoni niliwalaumu na bado nawalaumu. Ekari za mama ziko kwenye karatasi, nazo ziko chini ya maji.

Kiangazi kilichofuata nilikwenda naye mtoni kuteka. Kila tulikojaribu kushuka tulikuta waya. Ikabaki malka peke yake, imejaa ng'ombe, na mama akasimama kando na mtungi wake kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Mchungaji mmoja wa Kiorma akamwona.

"Mama, pita," akasema. "Hii njia si wewe uliacha?"

Akainua fimbo yake, na ng'ombe wakampisha.