Maziwa Bila Mtoto

"Mtoto yuko wapi?"

Wifi yangu mkubwa, dada wa mume wangu, aliniuliza hivyo jikoni kwangu mwenyewe, saa nne asubuhi, vidole vyake vimelowa maziwa yaliyotoka kwenye titi langu. Sikuwa na mtoto. Sikuwahi kubeba mimba hata ya wiki mbili. Nilikuwa mwaka wa tatu wa ndoa pale Mitundu, na watu walikuwa wameshaanza kuliangalia tumbo langu kabla ya kuniangalia usoni.

Nilikuwa natwanga uwele, akaona mabaka mawili kwenye blauzi. Nikamwambia ni jasho. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimejiaminisha hivyo kwa wiki kadhaa, kila nikiamka na nguo mbichi kifuani. Lakini mwanamke aliyenyonyesha watoto saba humwambii habari za jasho. Akafunga mlango, akaniamuru nifungue vifungo, akanikamua kama mtu anayekagua mbuzi mnadani. Yakatoka meupe kabisa. Tukayatazama wote wawili, na naapa mimi ndiye niliyeshtuka zaidi. Nilihisi huu si mwili wangu, kwamba kuna mtu kaingia humo ndani bila kubisha hodi.

Wifi yeye alikuwa na jibu tayari. Mwaka mmoja na nusu nyuma nilikaa Kintinku miezi mitano nikimuuguza mama yangu. Basi, kwa hesabu zake, nilikwenda huko na mimba ya mwanaume mwingine, nikazaa, nikakitupa kitoto, nikarudi kwa kaka yake na uso mkavu. Angeniuliza, ningemwambia kwamba hedhi yenyewe nilikuwa sijaiona karibu mwaka mzima, kwamba kila mwezi nilijipa moyo kuwa nimeshika mimba na kila mwezi tumbo likabaki bapa. Hakuniuliza. Jioni mawifi wote walikuwa sebuleni wanaongea kilugha, kwa haraka, wakidhani hivyo sitaelewa kwamba wanapanga kunirudisha kwetu.

Mume wangu alikaa katikati yao. Alikuwa mfanyakazi wa reli Itigi mpaka walipopunguzwa. Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipoachia biashara, kila mwenye nafasi akafungua duka, na yeye akafungua la dawa baridi, zile zinazouzwa bila cheti cha daktari. Alikuwa amesomea breki za mabehewa, lakini akajinunulia koti jeupe, na watu wakamwita daktari, na akaitika. Usiku ule nilimsubiri aseme neno moja tu, hapana. Badala yake alinigeukia akaniuliza taratibu, "Ni kweli?"

Nilimwambia anipeleke hospitali ya misheni, wanipime, na wakikuta nimewahi kuzaa anifungashie virago huko huko.

Tulikwenda kwa lori la tumbaku. Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye mikono ya baridi. Alinipima kwa muda mrefu, kisha akamwita mume wangu ndani.

"Huyu hajawahi kuzaa," alimwambia. Nilitaka kulia lakini hasira ilinizuia. Daktari akanigeukia. "Mama, unatumia dawa gani?"

"Situmii dawa."

"Hata kidonge kimoja?"

"Labda vile vya tumbo. Lakini hivyo ni vya dukani kwetu tu."

Nilisema kweli tupu jinsi nilivyoielewa. Dawa ilikuwa kitu cha hospitali, kilichoandikwa kwenye kadi. Vidonge vilivyokaa rafuni nyumbani kwangu niliviweka kundi moja na chumvi na kiberiti. Nilirudi kutoka Kintinku na tumbo linalojaa gesi na kichefuchefu, mume wangu akanipa vile vidogo vyeupe, akasema nimeze kimoja kabla ya kila mlo. Vilinisaidia. Nikameza. Hakuna aliyesema niache, nami sikuona kwa nini niache.

"Kwa muda gani?" daktari aliuliza.

"Tangu mwaka jana. Zaidi ya mwaka."

Akamuuliza mume wangu jina la vidonge, kisha akaweka kalamu chini. "Basi tatizo lako liko kichwani."

Nikasimama. Nimeitwa muuaji, sasa naitwa kichaa pia! Akanishika mkono, akanikalisha, akaeleza kwa maneno ambayo nayakumbuka hadi leo. Chini ya ubongo, alisema, kuna tezi ndogo kama punje ya choroko. Kutoka hapo hutumwa homoni kwenye damu, kwenda kuamsha mayai yapevuke na hedhi ije kwa zamu yake. Tezi hiyo hiyo ndiyo inayoamuru maziwa. Mwanamke akijifungua na kunyonyesha, homoni ya maziwa hupanda, na ubongo huacha kuyaamsha mayai, ili mama apumzike. Siku za kawaida ubongo huibana tezi isitoe homoni ile ovyo. Vidonge vyangu vilikuwa vimekilegeza kile kibano.

"Mwili wako," alisema, "unaamini una mtoto mchanga nyumbani."

Sijawahi kusikia kitu cha kikatili kama hicho, na hakukisema kwa ukatili. Mwaka mzima nilikuwa nalilia mtoto, na kichwa changu mwenyewe kilikuwa kinamnyonyesha na kufunga mlango asije. Mume wangu alikuwa anaangalia viatu vyake. Daktari akamwambia niache vidonge, na kama miezi ikipita bila mabadiliko nirudi, maana wakati mwingine ile tezi huota uvimbe na itabidi kwenda mbali kupigwa picha ya kichwa.

Tulipokuwa tunasubiri lori la kurudi, mume wangu akalia. Sikuwahi kumwona akilia. Akaniomba nisiwaambie dada zake wala mtu yeyote. Wakijua ni vidonge, duka limekufa, na tutakula nini?

Nikakubali. Leo naona aibu kuandika hivyo, lakini nilikubali, kwa sababu nilimpenda, na kwa sababu nilitaka mtoto kuliko nilivyotaka jina safi. Tulipofika aliwaambia dada zake kwamba daktari amenitibu na sirudishwi kwetu, basi. Hakusema amenitibu nini. Wao wakajaza wenyewe, kwamba nimetibiwa uzazi ule wa siri na kaka yao amenisamehe. Kopo la vidonge vile halikuondoka dukani, lilihamia tu chini ya meza, na nilipomfokea akaniambia wapo wanaolihitaji.

Maziwa yalikauka baada ya wiki chache. Mwezi wa tatu tangu niache vidonge niliona damu, nikakaa chini chooni nikacheka peke yangu mpaka machozi. Mwaka uliofuata nikajifungua mtoto wa kike.

Wifi mkubwa alifika asubuhi na kuku na unga wa uji. Alimpakata mtoto, akamkagua vidole, akasema pua ni ya kwao. Aliniangalia nikinyonyesha. Kisha akanishika goti, akasema kwa upole kabisa, kama mtu aliyekwisha kunisamehe zamani, "Huyu sasa, wifi, usimtupe."

Mume wangu alikuwa mlangoni na koti lake jeupe. Alisikia. Nilimtazama nikimpa nafasi, nikahesabu moyoni hadi kumi, naye akainamisha kichwa.

Nikamtoa mtoto kwenye titi, nikampa wifi amshike.

"Kaa vizuri, wifi," nikamwambia. "Nikueleze maziwa yale yalitoka wapi."