Msafiri wa Tano

Unisamehe mwandiko mbaya na makosa; mimi huandika polepole. Leo nimesugua sufuria, na harufu ya masizi imenirudisha Kyambogo, kwenye nyumba ambako mama alikuwa akiosha vyombo. Ukutani palikuwa na mchoro wa wino wa Kichina, wa enzi ya wafalme wa Qing: wasafiri wanne kwenye theluji.

"Mama, mbona wanakanyaga unga wa posho?" nikauliza.

Mwenye nyumba akawageukia wageni wake. "Mmesikia mtoto wa kambi ya polisi? Njaa hiyo!" Wakacheka. Mama akainamisha kichwa.

Walipotoka, nilichovya kidole kwenye masizi, nikachora msafiri wa tano.

Wiki iliyofuata nilimsikia mwenye nyumba akijivuna kwa wageni: "Wasafiri watano, kazi ya kale kabisa!"

Sijutii. Ukialikwa pale, uwahesabu, kisha uniandikie kama bado ni watano.